Kona Isiyoona Jua

Msimu ulianza Julai, na sisi tulichoka Julai hiyohiyo.

Kombe la Ligi ndilo linalotangulia, wakati watu wenye akili zao wako ufukweni wanaungua ngozi. Timu yetu, Inverkeddie Rovers, ilipoteza mechi zote za kundi lake, na bao pekee tulilopata alitufungia beki wa wenzetu, mtu mwenye huruma. Agosti ligi ikaanza. Ligi yetu ni ile ya chini kabisa; ukishuka hapo hushuki daraja, unatolewa nje kama paka aliyekojoa zuliani. Kufika Novemba tulikuwa wa pili kutoka mkiani, na wale wa mkiani walicheza vizuri kuliko sisi. Lipo na kombe jingine, la timu ndogo ndogo. Hilo tulitolewa ugenini, mvua inanyesha kwa upande, na basi likatuharibikia njiani tukirudi. Nililisukuma. Nina magoti mawili na hakuna hata moja linalofaa.

Mimi ni Effie Gourlay. Nauza pai na chai kwenye kibanda kilicho nyuma ya goli la upande wa bahari, tangu enzi ambazo nywele zangu zilikuwa nyekundu bila kusaidiwa. Mume wangu Dod ndiye mtunza uwanja. Ameutunza uwanja ule muda mrefu kuliko alivyonitunza mimi, na ukituweka pamoja, mimi na uwanja, utaona mara moja nani alikuwa akipewa mbolea.

Mwezi wa kumi mwenyekiti wa klabu alikuja kibandani. Anaitwa Struan Abercrombie, ni daktari wa meno, na huzungumza na kila mtu kana kwamba ameshamwambia afungue mdomo.

"Mzee Dod," alisema, "nimekuletea habari njema."

Dod aliweka kikombe chini. Habari njema humtia wasiwasi.

"Mei, msimu ukiisha, tunaweka nyasi za plastiki. Uwanja mzima. Hazikatwi, hazimwagiliwi, hazigandi. Watoto watacheza kila siku, tutakodisha kila jioni. Wewe utapumzika, Mzee wangu."

"Na zikifa?"

"Hazifi. Ni plastiki."

"Basi hazijawahi kuishi," alisema Dod, akachukua reki yake akatoka.

Daktari aliniangalia mimi. "Amekasirika?"

"Hapana," nikasema. "Akikasirika huwa hachukui reki, huchukua koleo. Hebu niambie, hiyo plastiki ni ileile unayotuwekea mdomoni?"

"Bi Effie, jamani!"

"Nauliza tu. Ile ya kwangu ilinasa kwenye tofi ikang'oka."

Alicheka kidogo akaenda zake, na pai hakununua. Sikumchukia. Alikuwa na haki, ukitazama hesabu za klabu. Lakini nilimwona Dod kwa dirisha la kibanda, amesimama katikati ya uwanja, reki imeelekea juu, hafanyi kazi yoyote. Sijawahi kumwona amesimama vile tangu mama yake azikwe.

Kombe la Taifa ndilo lililotuchanganya. Raundi ya kwanza tulishinda kwa sababu golikipa wa wenzetu alidhani filimbi imepulizwa. Raundi ya pili tulishinda kwa penalti, wachezaji wote wamejaa matope hata refa akawa hawajui ni wa nani. Kisha ikachezeshwa droo, nasi tumekaa kwenye ukumbi wa klabu tunatazama televisheni, nusu yetu tunasinzia. Mpira mdogo wenye namba yetu ukatolewa kwanza, maana yake tutacheza nyumbani. Wa pili ukasomwa: Kelvinholm, wa Glasgow. Ligi kuu. Watu wenye uwanja unaofunikwa na paa pande zote, na mchezaji mmoja wao analipwa mshahara unaoweza kununua mtaa wetu na makanisa yake.

Ukumbi ulilipuka. Mtu alimwaga bia begani kwangu na hakuomba radhi mpaka leo. Dod peke yake alinyanyuka akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta ameinama pembeni mwa uwanja anapapasa nyasi kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mara moja tu, Effie," akasema. "Uwanja umejaa watu pande zote nne, na timu ya maana inakanyaga nyasi zangu. Mara moja. Halafu Mei waje wazing'oe, sitasema neno."

"Utasema," nikamwambia.

"Nitasema. Lakini polepole."

Basi ndilo hilo alilotaka, hakutaka ushindi. Ushindi nani angethubutu kuutaka.

Januari ikaja na jalidi ambayo hata wavuvi wazee waliilalamikia. Ardhi ikawa jiwe. Jumamosi ya mechi refa alikuja, akagonga uwanja kwa kisigino, ukalia kama mlango. Ikaahirishwa. Jumanne ikaahirishwa tena. Jumamosi iliyofuata vivyo hivyo, na mimi kila mara nimeshapasha pai, nazirudisha, nazipasha, mpaka zikawa zinanifahamu. Mzee mmoja wa chama cha watelezesha-mawe, ule mchezo wa mawe juu ya barafu, alikuja na kofia mkononi kuuliza kama, kwa kuwa mpira hauchezeki, tungewaruhusu wamwage maji uwanjani yagande vizuri wapate kutelezesha mawe yao. Dod alichukua koleo. Yule mzee akavaa kofia yake akaondoka.

Kisha wenye mashindano wakatoa neno: Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Isipochezeka Inverkeddie, mechi itahamia Glasgow, kwenye uwanja wenye mabomba ya moto chini ya nyasi. Daktari Abercrombie alijitahidi sana kusikitika. Kule tungepata mgawo mnono. Alisikitika mpaka akawa anapiga mluzi.

Dod akaanza kukusanya. Mabua ya ngano kutoka kwa wakulima, mahema, mazulia ya kanisani, mapazia ya ukumbi wa densi. Vilipoisha akaingia mitaani na toroli. Hajui kuomba yule mtu. Alikuwa anagonga mlango, anasimama, watu wenyewe wanamletea. Wakatoa mablanketi, wakatoa maduveti, yale mashuka manene yaliyojazwa pamba, yenye maua, yenye magari, moja lina sura ya mwimbaji ambaye alishakufa. Ijumaa uwanja ulikuwa kama wodi kubwa ambayo wagonjwa wametoroka. La kwangu lilikuwa kwenye eneo la penalti. Wiki ile nililala na koti, na Dod kando yangu amevaa soksi za golikipa.

Jumamosi asubuhi tulifunua. Kila palipofunuliwa palikuwa laini, pamependeza, pana moshi mwembamba kama mkate. Mpaka tukafika kwenye kona ya jukwaa kuu. Kona ile haijapata jua tangu jukwaa lijengwe. Ukubwa wake ni kama chumba cha kulala. Dod alibonyeza uma wa bustani. Uma haukuingia. Akabonyeza tena kwa mguu, ukapinda jino.

"Hivyo tu," akasema. "Kachumba kamoja."

Refa alifika saa nne. Anaitwa Tulloch, mwalimu wa hesabu, mrefu, mwembamba, pua yake inatangulia dakika moja kabla yake. Wote wanajua marefa wanavyokagua: kisigino, halafu wanadundisha mpira. Ukiruka juu sana, ardhi imeganda. Mimi, kwa kuwa nina elimu ya darasa la mwisho la shule ya msingi na si zaidi, nilifikiri hivi: mpira usio na upepo wa kutosha haurukiruki hata kwenye saruji. Nikachukua mpira kwenye chumba cha vifaa, nikachomeka sindano ya pampu, nikausikiliza unavyopumua, pssss, kama mimi nikivua viatu. Nikaufuta matope yake, nikampelekea refa pamoja na pai ya moto.

"Asante sana, mama," akasema. "Huu ni ukarimu."

"Ndiyo tulivyolelewa," nikasema.

Kisigino chake kilianzia mbali, upande wa bahari. Hapo pazuri. Akaja katikati. Akaudundisha mpira. Mpira ukaanguka chini, pwa, ukatulia hapo kama chura aliyechoka.

Akakunja uso. Akaudundisha tena. Pwa.

"Uwanja huu umejaa maji," akasema refa. "Maji yamekaa chini. Hauchezeki."

Wiki nzima tunapigana na barafu, sasa tunafungiwa uwanja kwa ajili ya maji ambayo hayapo! Nikafungua mdomo niseme chochote kile, ila Dod alikwisha kuuokota mpira. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Akanyanyua macho akanitazama mimi, si mtu mwingine yeyote.

"Bwana refa," akasema, "mpira huu hauna upepo. Ngoja nikuletee mwingine."

"Dod," nikasema nimebana meno.

"Nikuletee mwingine," akarudia.

Akauleta. Katikati ukadunda vizuri. Upande wa bahari, vizuri. Kwenye kona ya jukwaa, refa aliuachia, ukagonga ardhi, kla! ukaruka juu ya kichwa chake, na pua yake ikaufuata.

"Hapa ni jiwe," akasema. "Mtu akianguka hapa atavunjika." Akatazama saa. Nilimwona anatazama pia yale maduveti yote yaliyokunjwa pembeni. "Nitarudi saa saba kamili. Kisigino changu kikiingia kona hii, mtacheza. Kisipoingia, Glasgow." Kisha akamalizia pai yangu, yule mtu, bila haya.

Alipoondoka nilimgeukia mume wangu.

"Ungeweza kuniachia mimi nimlainishe, afike konani na mpira uleule!"

"Nisingeweza. Alikuwa anasema nyasi zangu hazinyonyi maji."

"Kwa hiyo ni afadhali mechi iende?"

"Effie, alisema zimejaa maji! Hizi!" Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi, na kwa mara ya kwanza msimu ule nilimwona ni mzee, si mzee wa kutaniwa, mzee kweli. "Nimechoka," akasema. "Waipeleke tu."

Sasa, mimi mtu akikata tamaa mbele yangu huwa naenda kuchemsha maji. Nilikuwa kibandani nimewasha birika kubwa pale aliposimama dirishani Chrissie Dunnet, jirani yangu, ambaye hajakosa mechi tangu ujana wake na hajawahi kusifia hata moja.

"Nijazie, Effie," akasema, akafungua koti, akatoa tumboni ile chupa yake ya mpira ya maji moto, imevishwa kijifuko alichofuma mwenyewe chenye rangi za timu. Huwa anakaa nayo jukwaani. Sote tunakaa nazo. Bila hizo jukwaa lile lingeshatuua.

Niliitazama ile chupa. Nikamtazama Chrissie.

"Unayo nyingine nyumbani?"

"Ninazo mbili. Na ya marehemu Alec wangu. Kwa nini unanitazama kama nimeiba?"

"Nenda kazilete. Na mwenye nayo yeyote umjuaye, mwambie aje nayo tupu, haraka."

"Effie Gourlay, mimi nina nyonga ya chuma."

"Basi tembea kwa ile nyingine."

Sijui Chrissie alitumia njia gani, lakini baada ya muda mfupi foleni ya wanawake wazee ilitoka kibandani kwangu mpaka getini, na baadhi ya wanaume waliojifanya wametumwa. Chupa za kila aina: yenye kijifuko cha kondoo, yenye masikio ya sungura, ya mchungaji ina msalaba. Nilijaza mpaka mikono ikafa ganzi. Tukazipanga konani ubavu kwa ubavu kama watoto wachanga, tukazifunika kwa maduveti, la kwangu likiwa juu kabisa. Zikipoa tunazibadilisha. Dod alibaki kwenye ndoo yake anatutazama, halafu akanyanyuka, akaja, akapiga magoti taratibu, akaanza kuzigeuza moja moja na kuweka kiganja chini yake.

"Hii hapa bado," akawa anasema. "Leteni ya moto hapa. Chrissie, ya kwako inavuja."

"Mimi mwenyewe navuja, Dod, sembuse chupa."

Daktari Abercrombie akafika na koti lake zuri. "Hii ni nini tena?"

"Wodi ya wazazi, Daktari," nikasema. "Ongea polepole."

Saa saba refa akarudi. Tukaondoa maduveti. Moshi ukatoka. Akasimama katikati ya wazee wote wale. Kwanza akauchukua mpira, akaubonyeza kwa kidole gumba huku ananitazama. Nikatazama mawingu. Kisha akainua kisigino akakishusha.

Kikaingia.

Si sana. Kama kijiko kwenye uji uliolala. Akajaribu kando, kikaingia. Kwenye ncha ya mwisho kabisa kilisita, akasimama anafikiri, na Chrissie akasema kwa sauti, "Baba, hapo mwisho ni pa kibendera tu, hakuna anayeanguka juu ya kibendera." Refa akakuna pua.

"Saa tisa," akasema. "Mtacheza."

Hatukushangilia. Tulikuwa hoi. Dod alimpa mkono refa, akaenda kuchora mistari ya kona.

Wakajaa. Watu walikaa mpaka juu ya ukuta wa makaburi. Pai ziliisha kabla ya mapumziko, nikabaki nauza mchuzi mweusi wa ng'ombe, halafu maji moto yaliyopita karibu na mchuzi huo. Mechi yenyewe niliiona vipande vipande juu ya vichwa vya wateja. Kelvinholm walifunga mapema, kwa uvivu, kama mtu anayezima taa. Sisi tukafukuza vivuli. Kipindi cha pili tukapata kona, na ilikuwa kona ileile. Ukapigwa, kikatokea kichwa cha Gregor Haddow, fundi wetu wa mabomba ambaye siku zote anachelewa, hata nyumbani kwangu alichelewa, na siku ile alifika kwa wakati. Sare, moja kwa moja! Nilimwaga birika.

Tulishikilia mpaka dakika za majeruhi. Halafu wakatufunga. Mpira uligonga goti la beki wetu ukabadili njia, hata aliyefunga hakujua la kufanya. Mbili kwa moja. Filimbi ikalia, watu wakapiga makofi kwa muda mrefu, wakaenda zao nyumbani kula chakula cha jioni.

Nilipofunga kibanda, nikamtafuta Dod. Alikuwa konani, kwenye lile tope letu. Winga mmoja wa Kelvinholm alikuwa ameteleza pale akachimba mtaro mzima. Dod alikuwa na uma wake, anainua kila kipande cha nyasi kilichong'oka, anakirudisha shimoni, anakikanyaga. Uwanja mzima ulikuwa umejaa mashimo kama hayo. Wachezaji wa ligi kuu wanachimba vizuri.

"Umewaona?" akaniuliza.

"Nimewaona."

"Pande zote nne."

"Mpaka makaburini. Twende nyumbani, Dod. Hizo wanazing'oa Mei."

"Mei," akasema. "Leo si Mei."

Nikatazama uwanja. Nikatazama magoti yangu. Nikaanza upande wa pili, nainama, narudisha, nakanyaga. Nilimshika mkono mara moja, ila hiyo ilikuwa kwa sababu ya utelezi.

Kilichobaki kwenye msimu kilitokea polepole na kwa mvua. Siku ya mwisho tulihitaji pointi moja tusiingie kwenye mchujo wa kutolewa kwenye ligi, tukaipata kwa sare ya bila kufungana, mechi mbaya kuliko zote ambazo macho yangu yameona, na nimeona nyingi. Chrissie alisema afadhali angebaki nyumbani atazame sufuria.

Wiki iliyofuata katapila likaja. Dereva wake alikuwa mtu mzima wa Perth, mwenye chakula chake kwenye mfuko. Akashuka, akazunguka, akapiga goti moja, akavuta nyasi kwa vidole. Zilikuwa zimeota zote, hukuweza kuona hata shimo moja, kijani mpaka kwenye mistari ya chaki.

"Bibi," akaniambia, "mimi nimeng'oa viwanja vingi. Hizi mbona nzuri hivi? Mnaziondoa kwa sababu gani?"

Nilimwacha Dod ajibu. Alivua kofia, akaivaa tena, akamwonyesha dereva upande wa bahari.

"Anzia kule," akasema. "Ile kona ya jukwaa iache iwe ya mwisho. Bado inashika mizizi."

Dereva akamtazama, akapanda, akaanzia kule. Mimi nikaenda kuchemsha maji.